Lile bwawa jekundu kwenye picha yangu siyo maua, ni pilipili

Jamani, nimeona. Dada kanitumia skrinshoti za grupu la ukoo toka juzi na nimezisoma zote. Huku China ninakosoma WhatsApp imefungwa, bila VPN, ile programu ya kupenya kizuizi cha mtandao, haifunguki, na VPN yenyewe inakatika ovyo, kwa hiyo maneno yenu yananifikia wakati nyie mmeshajadili, mmemaliza na mmekubaliana, mimi ndo kwanza naanza kusoma salamu.

Nimeona ile picha yangu nimekaa ndani ya bwawa jekundu maji yamefika kifuani, mkononi nimeshika kitu kinang'aa rangi ya dhahabu, meno yote nje. Nimeona shangazi kaandika kwamba mwenzetu anaogeshwa maji ya maua wakati bibi huku anaoga kwa ndoo. Nimeona binamu, "kaka unakula bata peke yako, nifanyie mpango na mimi nije." Afu nikashuka chini nikakuta orodha ya ahadi za harusi, jina langu lipo, na mbele yake milioni mbili. Mjomba, shikamoo. Wewe ndo mwenyekiti wa kamati na wewe ndo uliyeandika, na ukaweka maelezo kabisa kwamba kijana wetu kashinda dhahabu China kwa hiyo hatushindwi. Hukunipigia simu. Ndo maana nawajibu wote kwa pamoja na kwa maandishi marefu, mnivumilie, nina hasira lakini ni hasira ya mtu anayewapenda.

Yale siyo maua. Ni pilipili. Bwawa zima lile limejazwa maji na kumwagiwa pilipili nyekundu zinaelea, na mimi nilikaa mle kwenye mashindano ya kula pilipili. Hapa nilipo ni mkoa wa Hunan, mji wa Changsha, na watu wa hapa kwa pilipili hawana mfano, wana msemo wao kabisa kwamba watu wa mikoa mingine hawaogopi chakula kikali ila mtu wa Hunan anaogopa chakula kisicho kikali. Mchicha unawekwa pilipili, mayai yanawekwa pilipili, samaki anafunikwa nazo kichwa kizima humuoni. Kila kiangazi, mwezi wa saba, joto likiwa kali, kwenye sehemu za kitalii nje ya mji wanaandaa haya mashindano. Pale Ningxiang, siyo mbali na hapa, mwaka 2018 mshindi alimaliza pilipili 50 kwa sekunde 68 hivi, na zawadi yake ilikuwa sarafu ya dhahabu ya gramu 3. Dunia nzima iliandika. Mimi nilikwenda kwenye mashindano ya aina hiyo hiyo, bwawa hilo hilo, sarafu ndogo hiyo hiyo.

Mjomba, gramu 3. Hiyo ni pete moja nyembamba ya harusi. Hata ningekuwa mshindi nisingefika milioni mbili kwa sarafu ile. Na sikushinda. Ile niliyoshika kwenye picha ni sarafu ya waandaaji, kila mshiriki anapewa aishike apigwe picha, anairudisha, anaishika mwingine. Picha ilipigwa kabla hatujaanza kula, na ndo maana nacheka.

Kuna picha ya pili. Ilipigwa nusu saa baadaye na jamaa mmoja Mkongo wa Goma tunayesoma naye, tunaongea Kiswahili, huyu ndo ndugu yangu huku. Kwenye hiyo nimekaa chini kwenye sakafu ya choo, macho yamevimba yamefumba, kamasi mpaka kidevuni, nimekumbatia chupa ya maziwa. Hiyo haikuwekwa stetasi na mtu yeyote, hiyo haikuzunguka kwenye grupu. Nimempa dada, muombeni awaoneshe. Mama asioneshwe. Mnanielewa? Mama mwenye presha asiione kabisa.

Sasa mtauliza nilifuata nini mle ndani. Nawaambia bila kupindisha. Dada mdogo alinitumia picha amevaa sare mpya za shule, kasimama mlangoni kwa bibi, kapendeza kweli mpaka nilitaka kulia, na chini ya picha kaandika, "kaka mwalimu kasema bila ada Jumatatu nisiingie." Wiki hiyo hiyo nikaona tangazo la mashindano, kujiandikisha bure, zawadi dhahabu. Nilihesabu kichwani nikaona hata nikipata hiyo pete nyembamba ada inatoka. Na nilijiamini, mtoto wa Muheza nimekulia pilipili mbuzi na muhogo tangu sijui kusoma, nani atanitisha kwa pilipili za Wachina? Sijuti kwenda. Ada ni ada, nani mwingine angeenda?

Ila sikilizeni jambo ambalo huko hatulijui maana hatujawahi kulazimika kulijua. Pilipili mbuzi yetu ni kali kuliko zile za bwawani, kwa kipimo hiki cha Scoville wanachopimia ukali toka mwaka 1912, jamii ya pilipili mbuzi inafika laki moja mpaka laki tatu na nusu, zile nyembamba za mashindano zipo chini sana. Lakini nyumbani pilipili unaigusisha. Kipande kwenye kachumbari, tone la achari pembeni ya biriani, unachovya muhogo unaendelea na stori. Huku unatafuna nzima, na mbegu, moja baada ya nyingine, tumbo halina kitu, mtangazaji anapiga kelele na kipaza sauti, saa inakimbia, na mwili wako wote umezama kwenye maji ya hizo hizo pilipili jua linawaka. Za mwanzo nilikula nacheka. Zilipofika kumi na kitu mdomo ukafa ganzi nikadhani nimeshinda, kumbe ndo tumbo linaanza. Ishirini na kitu sikuona tena sahani. Nilijifuta jasho la usoni kwa mkono uliotoka kwenye maji yale, jamani, jicho langu la kulia nilijua limekwisha, nilijua narudi Tanga na jicho moja.

Na ngozi. Hiyo hakuna aliyeniambia. Maji ya pilipili yanaingia kila mahali ambapo ngozi ni laini, sitataja, nyie watu wazima mnaelewa. Nilisoma baadaye kwa nini inauma hivo wakati huoni hata lengelenge. Kuna mwanasayansi wa Marekani, David Julius, alipata Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na mwenzake Ardem Patapoutian, na kazi yake yeye ilianzia kwenye pilipili, kwenye ile kemikali yake inaitwa kapsaisini. Aligundua ile sehemu kwenye neva inayokamatwa na pilipili ni ile ile inayokamatwa na joto likipita nyuzi 43 hivi. Yaani mwili hautofautishi. Ubongo unapewa taarifa kwamba mtu huyu anaungua, na unahangaika kumuokoa kwa jasho, machozi, kamasi, kutapika, kila kitu. Moto hakuna lakini maumivu ni ya moto kabisa.

Kwa hiyo mkiniona nalia pale siyo kwamba najiliza. Na watu walicheka. Hapa ndo panaponiuma mpaka leo kuliko tumbo. Wageni tulipangwa mstari wa mbele kwa sababu kamera zinatupenda, mtu mweusi anayelia pilipili ni video ambayo kila mtu anataka kuwa nayo, wamama na watoto wao wameinua simu, wengine wanasogea karibu kabisa na uso wangu mpaka naona kivuli cha simu kwenye kope. Siwasemi vibaya watu wa hapa, mama muuza tambi wa pembeni ya bweni letu ananiita mwanangu, alinipikia uji wa mchele mweupe mtupu siku tatu bila kuchukua hata senti. Lakini siku ile nilikuwa kitu cha kutazamwa. Afu narudi bwenini, nafungua simu, nakuta kwa ndugu zangu pia nimekuwa kitu cha kutazamwa, na mnatazama mkiwa mmeshika kalamu mnahesabu.

Usiku tumbo lilinishika nikawa siwezi kunyooka, kwikwi haikatiki. Yule Mkongo akanibeba mpaka hospitali. Huku hospitali unalipa kwanza, usajili unalipa, kipimo unalipa, ukitoka kwa daktari unarudi dirishani kulipa ndo upewe dawa na dripu. Tunayo bima, mwanafunzi wa kigeni anakatiwa kwa lazima, yuan 800 kwa mwaka, yuan ndo hela ya huku, lakini kwa mtu wa kutibiwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo unatoa kwanza mfukoni kwako na kurudishiwa kuna masharti yake. Alilipa Mkongo. Hela aliyolipa ilikuwa ya kodi ya mke wake Goma. Nimemrudishia kidogo kidogo na bado sijamaliza, na hilo ndo deni langu la kwanza kabla ya harusi ya mtu yeyote, mtanisamehe.

Daktari aliniambia nina bahati. Kuna jamaa wa Marekani, miaka 34, taarifa zake ziliandikwa kwenye jarida la madaktari mwaka 2018, alikula pilipili moja tu kwenye mashindano kule New York, ile inaitwa Carolina Reaper, kichwa kikamshika maumivu ya ghafla ya kutisha, walipompiga picha wakakuta mishipa ya ubongo imebana. Pilipili moja! Alipona, lakini nilivyosoma nilikaa kimya nikafikiria nani angemwambia mama.

Sasa hela. Niwaambie hela yangu yote mbele ya wote, labda tutapumzika. Mimi sina mshahara. Serikali ya China hainilipi mshahara. Nina skolashipu, mwanafunzi wa digrii ya pili anapewa posho yuan 3,000 kwa mwezi, kwa hela yetu ni milioni moja na kidogo. Chuo na bweni vimelipiwa, namshukuru Mungu, wapo wanaolia kwa kukosa hata hicho. Humo nakula, nanunua vitabu, nalipia intaneti na VPN ili niweze kuwasikia nyie, nalipia kibali cha ukaazi kikiisha muda, nanunua koti na blanketi maana Changsha ipo kusini na majengo ya kusini hayana mabomba ya kupasha joto kama kaskazini, baridi yake ina unyevu inalala nawe kitandani. Kinachobaki ndo nawatumia. Mkiona nimetuma laki moja na nusu mjue ni laki moja na nusu iliyotoka kwenye sahani yangu, siyo chenji.

"Si ufanye kazi?" Binamu kaniuliza hivo hivo. Mwanafunzi huku hafanyi kazi bila chuo kukubali na polisi wa uhamiaji kuandika kwenye kibali chako. Sheria yao ya mwaka 2013 ukikamatwa unafanya kazi bila kibali faini ni yuan 5,000 mpaka 20,000, na wakiona kosa ni kubwa unalala ndani siku tano mpaka kumi na tano, afu unapandishwa ndege. Ukizidisha siku za viza ni yuan 500 kwa kila siku mpaka ifike 10,000. Nawajua wenzangu waliorudishwa, mtu amebakiza mtihani mmoja. Kwa hiyo mashindano ya pilipili kwangu yalikuwa ni njia ya halali, zawadi ya mchezo, hakuna wa kunishika.

Na hata hela ikipatikana kuituma ni kazi nyingine. Sisi wageni benki inatubadilishia dola 500 tu kwa siku kama huna karatasi za kodi za kuonesha kipato, na mwanafunzi atatoa wapi karatasi za kodi. Wengi wanapitia kwa wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanaokuja Guangzhou na Yiwu kufungasha mzigo, unampa yuan zako huku, ndugu yake anamuingizia mama shilingi kwenye simu. Mara nyingi inafika. Mara nyingine jamaa simu haipokelewi wiki nzima na nyie mnaniandikia "mbona kimya", na mimi nipo kitandani natazama dari.

Narudi kwenye picha maana ndo mzizi wa yote haya.

Mnajua natazama vipi picha zenu? Naivuta kwa vidole mpaka inakuwa madoa madoa. Natafuta nani hayupo. Ile ya Idi, mmesimama wote mbele ya nyumba, kanzu mpya, watoto wamepakwa poda, nimeona kiti cha bibi kipo, mkeka wake upo, bibi hayupo. Niliuliza mkasema amelala. Nikauliza tena kesho yake mkasema kaenda kwa jirani. Bibi hajatembea mpaka kwa jirani toka sijaondoka. Nimekuja kuambiwa baada ya mwezi na nusu kwamba alikuwa amelazwa Bombo, na mlikubaliana kwenye grupu lingine nisilokuwemo mimi kwamba nisiambiwe nitachanganyikiwa na masomo. Jamani. Mimi ni mjukuu wake wa kwanza, mimi ndo nilikuwa namchotea maji. Mnanificha bibi ila ada, bati, harusi na kipaimara cha mtoto wa jirani hamnifichi?

Na nisiseme uongo, usiku mwingine najiuliza ningekuwa hapo Muheza ningempeleka mwenyewe kwa bodaboda mapema, asingefika hali ile. Hilo swali linanitafuna. Halafu nakumbuka kwamba ile hela ya dawa mlisema ilitoka kwangu.

Kwa hiyo nawaomba. Msinitumie picha ambayo chini yake kuna namba ya malipo. Mtoto akivaa sare, nitumieni nimuone mtoto tu, nifurahi siku moja bila kupiga hesabu, na ada mniambie kwa sauti, mnipigie, tuongee kama watu. Nitumieni picha za kawaida, kuku, mwembe, mama anachambua mchele hajajipanga, ukuta uliopasuka, bibi akiwa mgonjwa akiwa mzima. Nitumieni kila siku. Nikiwa kimya msiache kutuma.

Na mimi mkiniona nacheka kwenye picha mniulize, "ulikuwa umekula?" Ni hilo tu.

Binamu. Wewe nakujibu peke yako kwa sababu najua hata ukisoma yote haya bado usiku utatafuta nauli. Usije. Usije kwa viza ya biashara ya siku thelathini ukitegemea utajificha, huku hujifichi, ukilala kwa mtu lazima ujiandikishe polisi ndani ya saa 24, kila unachonunua unalipa kwa simu iliyofungwa na pasipoti yako. Usimpe mtu yeyote hela ya "kutafutiwa chuo". Kama ni kuja, njoo kwa skolashipu, maombi yanafunguliwa kila mwaka, fomu ni bure kwenye mtandao wao wenyewe, andaa vyeti, barua za walimu wawili, kipimo cha afya, anza sasa hivi usingoje mwezi wa mwisho, nitakusomea barua yako na kuirekebisha hata usiku wa manane. Njoo, utajifunza mambo ambayo hujawahi kuyaota, maabara za kilimo za huku zinanifanya nikae kimya kwa heshima. Ila usije kwa sababu ya picha yangu.

Au baki. Nasema kwa moyo mmoja, baki. Unajua kwenye soko kubwa la Gaoqiao hapa Changsha wanauza vitu vya kutoka Afrika? Kahawa, ufuta, korosho. Pilipili kavu za Rwanda zimeingia Hunan tangu mwaka 2021, Wanyarwanda walikaa mezani na Wachina wakasaini masharti ya ukaguzi, wakakausha, wakapakia, zikafika. Hawa watu wanakula pilipili kweli kweli! Parachichi la Tanzania lilisainiwa mwezi wa 11 mwaka 2022 rais alipokuja Beijing. Ufuta wetu unaletwa huku kila mwaka. Wewe una ekari za babu kule zinaota majani, unaniomba mimi mwaliko. Pilipili inayoleta hela China siyo ile ya kulia bwawani mbele ya kamera, ni ile iliyokaushwa vizuri ikapimwa unyevu ikafungwa gunia safi. Nitumie picha ya shamba hilo, hata likiwa pori. Nitakutafutia mnunuzi wa kuanza kuongea naye, hilo naliweza kuliko mwaliko.

Na nyie wadogo zangu mliosema mtafanya shindano lenu la pilipili mbuzi siku ya harusi ili "kumuenzi kaka". Hapana. Msifanye. Na najua mtafanya kwa sababu nawajua, basi kuleni wali kwanza tumbo lisiwe tupu, wekeni maziwa karibu au mtindi, siyo maji, maji yanaisambaza tu, ile kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, protini ya maziwa ndo inaibandua mdomoni. Mkono usiguse jicho. Mwenye pumu au vidonda vya tumbo asikae mezani hata kwa utani. Mmoja akishikwa na kichwa ghafla au kifua kikabana, msimcheke, msichukue video, mpelekeni hospitali.

Shangazi, najua uliandika kwa uchungu na siyo kwa ubaya. Ndoo ya bibi inaniuma na mimi. Ile hela ya bafu niliyotuma mwaka jana naomba picha ya bafu, lilipofikia hapo hapo, hata kama ni matofali manne. Sitagomba.

Mjomba, nimemaliza kwako kwa heshima zote. Mtoto wako ni dada yangu, nimecheza naye udongo, harusi yake ni yangu. Lakini ile milioni mbili ifute. Kwenye kadi yangu andika laki moja na nusu, posho ikiingia mwezi ujao naituma, na itaingia kwenye namba ya mama, yeye ndo atakukabidhi mbele ya watu. Na kwenye kikao cha Jumapili uwaambie wajumbe kwamba kijana hakushinda dhahabu. Mwambie na mpiga picha wa harusi asimpite bibi, akae mbele, na picha hiyo iwe ya kwanza kunifikia.